Ndege ya kivita na mvuvi wa Katonga

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, katika nchi zetu hizi mtu akihoji bei ya dawa hospitalini huitwa mtetezi wa wanyonge. Akihoji bei ya ndege ya kivita au rada, huulizwa ametumwa na nani. Matokeo yake tumegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema mambo ya ulinzi ni ya wakubwa, raia anyamaze. Kundi la pili linasema silaha zote ni israfu, fedha ziende kwenye madawati na zahanati. Muislamu anayekisoma Kitabu chake kwa mazingatio hawezi kukaa katika kundi lolote kati ya hayo.

Tuanze na hili la pili. Katika Suratul Anfal, aya ya 60, waumini wameamrishwa kuandaa nguvu zote wanazoziweza dhidi ya adui, na farasi waliofungwa tayari wametajwa kwa jina. Farasi ndio waliokuwa silaha ya mwendo wa kasi zama hizo. Leo ni ndege, ni boti, ni rada, ni simu za upepo. Na Mtume (S.A.W) amefundisha kuwa jicho lililokesha likilinda katika njia ya Allah ni miongoni mwa macho yasiyoguswa na Moto. Kwa hiyo askari anayekesha mpakani kwa nia safi yumo katika ibada, na kumnunulia zana zinazofaa si israfu.

Watu wa Kigoma hawahitaji kuhadithiwa hili. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini ziliruka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zikaja kudondosha mabomu katika bandari ya Kigoma, zikiitafuta meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen, hii ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Liemba. Wakati huo mzinga mkubwa wa meli hiyo ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao wakakimbia, na Wabelgiji wakaingia mjini. Wenyeji wa Ujiji hawakuwa na meli wala ndege katika vita ile. Walibadilishiwa mtawala tu, bila ya kuulizwa. Ndivyo inavyokuwa kwa watu wasio na nguvu yao wenyewe.

Na mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, hakuna aliyeuliza kama tulihitaji jeshi. Lakini vita ile ile ilitupa somo jingine. Ndege zetu tatu za kivita zilitunguliwa huko Musoma na walinzi wetu wenyewe, waliodhani ni za adui. Ndege ilikuwepo, mzinga ulikuwepo, kilichokosekana ni mawasiliano. Nguvu basi si chuma peke yake.

Sasa turudi kwa kundi la kwanza, wale wanaosema raia anyamaze. Ndugu zangu, sura hiyo hiyo inayoamrisha kuandaa nguvu imeitwa Al-Anfal, yaani ngawira. Imefunguliwa kwa suala la mali iliyopatikana vitani: ni ya nani, na igawanywe vipi. Katika aya ya 27 waumini wamekatazwa kuhini amana. Katika aya ya 58, mbili tu kabla ya ile ya farasi, tumeambiwa kuwa Mwenyezi Mungu hawapendi makhaini. Hesabu na amana vimetangulia, ndipo silaha ikafuata. Anayeishika aya ya 60 na kuziruka zilizo kabla yake amechukua nusu ya dini.

Tukumbuke pia kisa cha yule mtumishi wa Mtume (S.A.W) aliyepigwa mshale wakati wa kurejea kutoka Khaybar. Watu walimpongeza kwa kufa shahidi. Mtume (S.A.W) akawakatalia, akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hivyo akakimbilia kurudisha kamba ya kiatu. Ikiwa shuka moja ya mali ya jeshi ina hukumu hiyo, itakuwaje kwa mamilioni ya dola?

Na mamilioni hayo tunayajua. Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa paundi milioni 28. Serikali ya Tony Blair ilitoa kibali cha kuiuza Desemba 2001, ingawa waziri wake mwenyewe wa misaada, Clare Short, aliipinga biashara hiyo. Benki ya Dunia nayo iliikosoa bei. Hapa kwetu waliohoji waliambiwa hilo ni suala la usalama wa taifa. Baadaye ikabainika kuwa zaidi ya dola milioni 12 zilipitia kwa wakala wa biashara hiyo. Desemba 2010 kampuni hiyo ilitozwa faini mahakamani London kwa kutoweka kumbukumbu sahihi za malipo hayo, na mwaka 2012 ikalipa paundi milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya wanafunzi wetu.

Tazama maajabu hayo! Fedha ilirudishwa na mahakama ya nchi iliyotuuzia, sisi tuliouziwa tukiwa watazamaji. Mtume (S.A.W) alipomtuma mtu kukusanya zaka, naye akarudi akisema hili ni lenu na hili nimepewa zawadi, alisimama juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Kamisheni ya silaha nayo iulizwe swali hilo hilo. Na swali lenyewe liliulizwa hadharani, msikitini, halikufichwa kwa kuwa ni siri ya dola.

Jirani zetu Uganda nao wana lao. Mwaka 1998 walinunua helikopta za kivita kuukuu kutoka Belarus, zilizofika zikawa hazifai kuruka, mpaka ikaundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde. Mwaka 2011 wakanunua ndege sita za Sukhoi kutoka Urusi, katika manunuzi ya silaha yaliyofikia dola zipatazo milioni 740, fedha zikichotwa kwenye akiba ya Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Na bado, Juni 2023, wauaji wa ADF waliingia usiku katika shule ya Lhubiriha huko Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wanaofanya hayo kwa kujinasibisha na Uislamu hawana sehemu katika dini hii. Lakini swali la kujiuliza ni je, ndege ya mamilioni ya dola ilimsaidia nini mtoto yule bwenini?

Hapa ndipo anapoingia mvuvi wa Katonga. Mpaka wetu na Kongo upande wa Kigoma hauna ukuta wala waya, ni maji. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na limegawanywa na nchi nne. Mvuvi wa dagaa huingia kazini usiku wa giza, na taa yake inayowaita dagaa ndiyo hiyo hiyo inayomwonyesha kwa jambazi. Kwa miaka mingi wavuvi wa mwambao huu wamekuwa wakivamiwa na wenye bunduki, wakinyang'anywa injini na nyavu, na wengine kuuawa. Na tangu Goma ianguke Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, silaha zilizozagaa ng'ambo hazijapungua. Mtu huyu hahitaji ndege ipitayo kwa kasi juu ya wingu. Anahitaji boti ya doria yenye mafuta, askari aliyelipwa posho yake, na namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku.

Huko Madina, mwaka wa 5 Hijria, Salman al-Farisi (R.A) alishauri lichimbwe handaki upande uliokuwa wazi. Halikuwa silaha ya fahari, lakini liliendana na ardhi na aina ya adui. Na Mtume (S.A.W) alichimba pamoja nao kwa mikono yake, wote wakiwa na njaa.

Jambo la mwisho ni la watu wenyewe. Mlinzi wa kwanza wa mpaka ni mwananchi anayeujua. Yeye ndiye anayeona boti ngeni na sura ngeni kabla ya askari yeyote. Lakini watu wa Kigoma wamelalamika kwa muda mrefu kuwa wanasimamishwa njiani na kuulizwa uraia wao, kwa sababu Kiha kinakaribiana na Kirundi, na kwa sababu wazee wa baadhi ya familia za Ujiji walivuka ziwa kutoka Umanyema. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyogusa Kagera, Kigoma na Geita, miongoni mwa waliokumbwa walikuwamo watu waliokwishaishi nchini kwa miongo. Mtu unayemwita mgeni mchana, utamtaka akupe habari za adui usiku? Dhuluma ni tundu katika ukuta wa mpaka, na hakuna rada inayoliziba.

Kwa hiyo, ndugu Waislamu, tusiwe wa kunyamaza wala wa kupinga kila kitu. Bajeti ya ulinzi inapofika Bungeni tuwaulize wabunge wetu mambo matatu. Chombo hiki kinamlinda nani, na mnyonge wa mpakani yumo? Bei yake imelinganishwa na nani, na kuna wakala anayekula katikati? Na yupo mkaguzi mwaminifu anayeruhusiwa kuona hesabu hata kama wananchi wote hawawezi kuoneshwa kila siri? Kuuliza hivyo si kulisaliti jeshi. Ni kumlinda askari asije akapelekwa vitani na chombo kibovu kilichonunuliwa kwa kamisheni.

Tumuombe Mwenyezi Mungu (S.W) ailinde mipaka yetu, awape subira wanaokesha juu yake, na atupe viongozi wanaoiogopa shuka ya Khaybar.

Wabillahi tawfiq.