Mgonjwa ametibiwa, je deni letu limelipwa?

Mwaka 1949 daktari wa Kiingereza, Leader Stirling, alihamia Mnero, wilayani Nachingwea, kutibu watu katika misheni ya Wabenediktini. Kabla ya hapo alikuwa ametumikia miaka 14 upande wa Masasi, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Pale Mnero alikaa hadi 1964. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa nchi hii, 1975 hadi 1980, na alifariki mwaka 2003. Hospitali ya Mnero ipo hadi leo, chini ya Kanisa Katoliki.

Lindi ni mkoa wenye Waislamu wengi. Miongoni mwa waliotibiwa Mnero kwa miaka yote hiyo wamo mama zetu, wajomba zetu na masheikh wetu. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo hatupendi kuliuliza.

Wanazuoni wetu wanatufundisha kuwa tiba ni faradhi kifaya. Wakiifanya baadhi yetu kwa kiwango cha kutosha, wengine huondokewa na dhima. Isipofanywa na yeyote, jamii nzima inabeba dhambi. Sasa kazi hii inapofanywa na padri na sista, je, sisi tumeondokewa?

Wapo wanaojibu ndiyo. Wanasema lengo ni mgonjwa apone, na mgonjwa amepona. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Uislamu haukatazi kunufaika na ujuzi wa asiyekuwa Muislamu. Mtume (SAW) katika safari ya Hijra aliongozwa njia na Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu. Na anayetutendea wema anastahili shukrani. Muislamu aliyetibiwa Mnero kisha akawatukana waliomtibu hajaitetea dini yake.

Lakini Imam Ghazali hakuishia hapo. Katika Ihya, zaidi ya miaka 900 iliyopita, alilalamika kuwa ipo miji mingi isiyo na tabibu isipokuwa wa dhimma, huku wanafunzi wakirundikana kwenye mijadala ya fiqhi. Sababu aliyoitaja inauma: fiqhi ilifungua mlango wa ukadhi na usimamizi wa waqfu na mali za yatima, na tiba haikufungua. Wagonjwa wa miji hiyo walikuwa wakitibiwa. Bado Ghazali aliona wajibu umetelekezwa.

Tofauti ni hii. Haja ya mgonjwa ni kitu kimoja na wajibu wetu ni kitu kingine. Jirani akimlisha mama yako aliyelala njaa, mama ameshiba na jirani ana fadhila yake. Wewe mwana bado unadaiwa.

Hapa wengi wetu hukimbilia kutaja makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa juu ya huduma za jamii. Tuna haki ya kuhoji fedha za umma zinavyogawanywa, na tuendelee kuhoji. Lakini Stirling alifika Mnero miaka 43 kabla ya makubaliano hayo. Mtu atasema hata wakoloni waliwapendelea wamisionari. Ni kweli, na tuliumia. Hata hivyo, upendeleo wa jana hauwezi kuwa jibu la kila tunachoshindwa kufanya leo kwa fedha zetu wenyewe.

Hebu tumtazame anayedai. Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anashika fedha korosho zinapouzwa, kuanzia Oktoba. Malaria inamkuta kwenye mvua, wakati wa palizi, chakula kimepungua na mfukoni hamna kitu. Asiye na shamba la kutosha analima kibarua. Akilala siku tatu, amepoteza ujira wa siku tatu. Mtu wa namna hii huahirisha kwenda zahanati mpaka mtoto ameanza degedege.

Hapa mjini, mtu akitaka sadaka yenye kuendelea, analowaza kwanza ni msikiti au kisima. Vyote ni vyema. Lakini tusisahau kuwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (SAW) aliamuru apigiwe hema la matibabu ndani ya msikiti. Bibi Rufaida ndiye anayetajwa kuwa mwenye hema hilo. Msikiti na tiba vilikuwa sehemu moja. Nani alivitenganisha?

Kujenga zahanati si kazi kubwa. Wanakijiji watafyatua matofali. Kazi ipo kwenye mshahara wa mganga na muuguzi kila mwisho wa mwezi, na dawa zisiishe mwezi wa Februari. Jambo hili wazee wetu walilijua. Hospitali ya Mansuri, Cairo, iliyojengwa na Sultan Qalawun mwaka 1284, iliendeshwa kwa mapato ya waqfu, na ikapokea tajiri na maskini. Kwa nini isiwepo waqfu ya mikorosho Nachingwea, na ya fremu za maduka Kariakoo, ambayo mapato yake yanamlipa muuguzi wa kijiji kimoja? Tuanze na kimoja. Na vijana wetu wanaomaliza vyuo vya uuguzi na utabibu waombwe na masheikh, kwenye khutba, waende huko.

Tahadhari ni katika nia. Tukijenga ili tuonekane na sisi tunayo, tutaweka kibao, tutapiga picha, na baada ya mwaka mlango utafungwa. Tukijenga kwa kuwa tunadaiwa na Allah (SW), mlango utakuwa wazi kwa kila mgonjwa, awe Muislamu au Mkristo, kama mlango wa Mnero ulivyokuwa wazi kwetu.

Wabillahi tawfiq.