Kifaru cha Kubeba Maji

Dada yangu alinipigia simu kutoka Newala katikati ya likizo ya Juni. Salamu zilikuwa fupi, nikajua napewa kazi.

"Kaka, mpwao tangu afunge shule hajagusa bomba la salfa. Kutwa yuko barazani na wenzake, wanacheza matenki."

Nilifurahi. Newala tenki ni kitu cha heshima. Mvua ya uwanda wa Makonde haikai juu; mchanga unainywa, inakwenda kutokea bondeni kwenye chemchemi, na akina mama wa vizazi vingi wameteremka kuifuata na kupanda nayo kichwani. Mtu akiezeka bati, akachimba tenki chini ya paa na kulisakafia, huyo amejikomboa. Nikadhani vijana wamebuni mchezo wa kuvuna maji.

"Matenki ya vita," dada akasema. "Kwenye simu. Wanalipua watu halafu wanacheka. Njoo umseme. Mjomba wake ni wewe."

Kwetu Wamakonde neno hilo halina rufaa. Mtoto akiharibika, baba anaonewa huruma, mjomba anaulizwa. Jumamosi nikapanda gari Masasi, tukayaacha majabali nyuma, tukapandisha uwandani kwenye ukungu, na njia nzima natunga mawaidha. Malighafi ninayo. Vita Kuu ya Kwanza ilifika mpaka mlangoni kwetu. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na watu wake waliobaki, na siku chache baadaye safu ya Kapteni Tafel, iliyokuwa ikimtafuta, ilijisalimisha upande huu wa Newala. Haikushindwa kwa mzinga. Ilikuwa haina chakula.

Niliwakuta wanne barazani, simu mbili, waya wa chaji mmoja. Gemu lenyewe linaitwa World of Tanks Blitz, limetoka mwaka 2014, vifaru saba upande huu na saba upande ule, na unaocheza nao wako popote duniani. Wakanipa shikamoo bila kuinua macho, kisha bando likaisha na macho yakainuka yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanacheka sana. Bando lao linatosha vita moja au mbili. Saa zinazobaki wanazijaza kwa maneno, na maneno hayo wanayaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Juu wameandika: MABORESHO.

Gemu linakuruhusu kukiboresha kifaru chako kadiri unavyoshinda: mzinga mkubwa zaidi, injini yenye nguvu, minyororo mipya. Vijana wa Newala waliona hayo hayatoshi.

La kwanza lilikuwa bomba la salfa. Kifaru kikizidiwa kinapuliza salfa, adui anapiga chafya mpaka ashindwe kulenga, na papo hapo mikorosho yote ya eneo hilo inapona ubwiri unga. La pili, kondakta. Kifaru chenye kondakta hakiondoki mpaka kijae, kwa hiyo vita inaanza timu nyingine imeshachoka kusubiri, naye ananing'inia kwenye mtutu akiita "Masasi, Masasi, bado mmoja!" na ndani hamna mtu. Halafu kuna wafanyakazi wa kifaru wanaodai posho kabla ya kuwasha injini. Ukikataa, mpiga mzinga anakumbuka kwamba ana semina.

Lililoniangusha ni la stakabadhi ghalani. Kwenye gemu, ukimlipua adui unapata pointi palepale. Kwa kanuni za daftari hili unapewa stakabadhi. Kifaru ulichokilipua kinapelekwa ghala kuu, kinapimwa unyevu, kinapangiwa daraja, kinasubiri mnada. Wanunuzi wakileta bei ndogo, wakulima wanakataa na mnada unaahirishwa. Pointi zikija, zimeshakatwa ushuru na gharama za magunia. Asiyewahi kuuza korosho hawezi kujua kwa nini nililazimika kukaa chini.

Na la mwisho, lililochorwa kwa kalamu nyekundu: kifaru cha kubeba maji. Mtutu unafunguka kama bomba. Adui akitokea, anakuja amepanga ndoo.

Hapo nikapata pa kuingilia. Nikawaambia wamerudisha kitu mahali pake bila kujua. Waingereza walipokuwa wakiunda magari hayo kwa siri, kabla ya kuyaingiza vitani Ufaransa Septemba 1916, waliyaita matenki ili watu waamini yanayotengenezwa ni matangi ya maji. Vita ilikwisha, uongo ukabaki kuwa jina. Kiswahili hakikuudanganya ulimwengu. Kilitazama kitu chenyewe, ngozi nene, macho madogo, hasira, kikasema kifaru. Dada, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akasema kumbe hata yeye hakukosea.

"Mjomba," mpwa wangu akauliza, "na huku kwetu, kwenye vita hiyo, vifaru vilikuwepo?"

Vifaru havikufika. Lakini maboresho yalikuwepo, tena ya ajabu kuliko ya daftari. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ikatolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mzinga wa meli, uliotengenezwa ubebwe na bahari, sasa upite kwenye matope, milima na mchanga. Mmojawapo uko mpaka leo Fort Jesus, Mombasa. Nikawauliza: unadhani injini yake ilikuwa nini?

Mmoja akasema trekta. Mwingine, ng'ombe. Nikasema ng'ombe walikufa kwa ndorobo.

Kimya kidogo. Kisha mpwa wangu akasema, "Watu."

Mamia ya watu kwa mzinga mmoja, kwa kamba. Na nyuma yao wengine wenye risasi, unga, mahema, masanduku ya mabwana. Upande wa Waingereza pekee, hesabu inayotajwa sana ya wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki ni kama 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani, waliovuta ile mizinga, hesabu ya namna hiyo haipo. Dar es Salaam imebakiwa na jina la Kariakoo, kutoka kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na watu wananunua viatu pale bila kujua wanakanyaga nini. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 imesimama karibu na hapo. Maandishi yake yanawataja wapagazi. Aliyesimama juu ni mmoja tu, na ameshika bunduki.

Sikuwa nimepanga kusema habari za nyumbani, lakini nilizisema. Bibi yangu alikuwa na kisa kifupi kuhusu kaka wa bibi yake. Alikuwa anatoka bondeni na maji, akakutana na askari, akaambiwa tua mtungi, beba hiki. Kisa kiliishia hapo. Tukimuuliza bibi askari wa upande gani, alikuwa akisema mtungi ulibaki njiani.

Hapa ndipo mawaidha niliyoyatunga kwenye gari yaliponiponyoka. Nilikuja kusema vita si mchezo. Lakini mimi mwenyewe nimekua na bunduki ya mgomba, tumeuana mara elfu nyuma ya kanisa na jioni tukala sahani moja. Bao nalo ni kula kete za mwenzako mpaka abaki hana, na sijaona mzee aliyeharibiwa nalo zaidi ya kuchelewa chakula cha mchana. Dada anaogopa mkono utazoea. Namheshimu, ila mwanawe akichinja kuku bado anageuza uso.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Bao halijidai kuwa vita. Gemu hili linajisifu kwa usahihi: unene wa deraya kwa milimita, pembe ya risasi, uzito wa gari, majina halisi ya magari halisi. Mpimaji wa namna hiyo akiacha kitu nje, amekwambia kitu hicho hakina uzito. Risasi za gemu zinajaa zenyewe. Hakuna aliyezileta. Hakuna aliyelala njaa ili zifike.

Halafu nikajikamata, maana vitabu vilivyonifundisha mimi vita hiyo vinafanya vivyo hivyo. Chukua Mahiwa, hapo chini njia ya Lindi, Oktoba 1917, siku nne. Utasoma kwamba upande wa Waingereza ulipoteza askari zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, na kwamba Wajerumani walishinda ila hawakuweza kumudu ushindi wa namna hiyo. Ni hesabu za wenye bunduki. Ukinipa karatasi sasa hivi nitakuchorea nani alikuwa ubavu gani. Nani alibeba maji siku hizo nne, siwezi. Sasa namsema mtoto wa miaka kumi na sita kwa lipi?

Wao walikuwa wameshaendelea. Niliwaambia habari za mpango wa karanga, maana Nachingwea ni jirani: Waingereza walitaka kufyeka pori la Tanganyika kuanzia 1947, matrekta hayakutosha, kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani kikavigeuza matrekta. Vifaru vya kulimia karanga! Pori walilikokota kwa minyororo ya nanga za meli. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa na zaidi ya pauni milioni 30 zimeliwa na ardhi. Walicheka mpaka mmoja akatoka barazani. Wakaliandika, na pembeni wakaweka alama ya kuonyesha kwamba hili ni la kweli.

Mpwa wangu akaongeza la malori. Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yalifika mpaka huku. Alikuwa mdogo. Anachokumbuka ni wanajeshi wakipakia magunia mgongoni, wakitokwa na jasho. Nikaona kwamba mtoto huyu akisikia neno jeshi, picha ya kwanza kichwani mwake ni watu wanaobeba mizigo ya wengine. Sikusema kitu. Sikutaka kuiharibu.

"Basi tuweke wapagazi," akasema mmoja wao, akafungua ukurasa mpya.

Walifanya haraka, kwa ufundi. Juu ya kioo kuna mstari wa kijani, kama ule wa mafuta. Kila ukipiga mzinga unapungua. Ukiisha, kifaru kinasimama. Ukitaka uongezeke, unanunua kwa dhahabu, mia moja kwa bei ya jumla. Ulikuwa mchoro mzuri, na ulinitia baridi. Vijana wanne wenye roho safi, kwa dakika kumi, walikuwa wameunda ofisi ya ugavi ya mwaka 1917. Mpagazi alihesabiwa hivyo hivyo: amebaki nani, ataisha lini, tutapata wapi wengine. Kuwaacha nje ya gemu ni kuwafuta. Kuwaingiza kama mafuta ni kuwabebesha mara ya pili. Nilijaribu kulisema hilo, nikalisema vibaya, kwa maneno mengi.

Mpwa wangu alikuwa anautazama ule mstari. "Hawanunuliwi," akasema, akaukata. "Yule wa bibi hakununuliwa."

"Sasa utawapataje?" mwenzake akauliza.

"Unawakuta njiani. Ukimchukua, mzigo wake unabaki pale, unauona kila ukipita."

"Halafu?"

Akafikiri. Mama yake naye alikuwa ameacha mboga.

"Halafu vita ikiisha, gemu haliishi. Wanarudi kwao, kwa miguu. Na wewe huruhusiwi kutoka mpaka wa mwisho afike."

"Bando litaisha!"

"Liishe."

"Nani atacheza hilo, sasa?"

Hakumjibu. Alinigeukia mimi, kalamu mkononi. "Mjomba, yule wa bibi alichukuliwa mpaka wapi?"

Nikamwambia hatujui.

"Kwa hiyo niandike siku ngapi?"

Nilikuwa bado natafuta la kusema wakati dada aliposimama, akapangusa mikono kwenye khanga, akasema gari la maji limefika kwa jirani, waje na ndoo, na mjomba naye ana mikono miwili. Daftari likabaki wazi juu ya mkeka, kalamu katikati. Nilipata ndoo isiyo na kishikio.