Suala la Kijana Aliyepata Kazi kwa Akili Isiyo Yake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nasema: nimeulizwa suala na kijana aliyesoma chuoni kwangu tangu alifu mpaka khitima, nami sikupenda kumjibu kwa haraka. Kijana huyu alitaka kazi ya kuandika programu katika kampuni iliyo ng'ambo. Akahojiwa kwa njia ya intaneti, yeye kwao na wao kwao, nyuso zikionana kiooni. Lakini pembeni mwa kioo alikuwa ameweka akili bandia, ikisikiliza kila suala na kumwandikia jawabu, naye akiyasoma kama kwamba yatoka kifuani mwake. Kazi akaipata. Sasa ni mwezi wa nne apokea mshahara, na suala lake ni hili: "Maalim, mshahara huu ni halali?"

Wala asidhani mtu ya kuwa huyu ni wa kwanza. Mwaka 2025 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, aitwaye Roy Lee, alitengeneza programu ya namna hii, ambayo mwenye kuhoji haioni hata akifunuliwa kioo cha mhojiwa. Akaitumia katika kutafuta kazi kwa makampuni makubwa, kisha akayatangaza mwenyewe aliyoyafanya. Chuo kikamsimamisha masomo. Naye akafungua kampuni ya kuuza hila ile ile, na matajiri wakampa mamilioni ya dola. Mwaka huo huo mkubwa wa Google alisema watarudisha angalau duru moja ya kuhojiana ana kwa ana. Yaani elimu yote ile imewarudisha pale tulipo sisi na watoto wetu mkekani.

Kijana wangu alikuja na hoja, wala si hoja za kipumbavu. Alisema: mabwana wenyewe huzichuja barua za waombaji kwa mashine. Ni kweli, na mashine hizo zaweza kudhulumu. Mwaka 2018 ilitangazwa khabari ya Amazon, kwamba mashine yao ya kuchagua watu ilijifunza kwa barua za miaka kumi, nyingi zikiwa za wanaume, ikawa yawashusha wanawake, wakaiacha. Lakini aliyedhulumiwa na Zaidi haendi kumdhulumu Amri. Hoja hiyo haitupeleki mbali.

Hoja yake ya pili ndiyo yenye uzito. "Majawabu yalikuwa sahihi," alisema, "na kazini watu wote hutumia akili hiyo hiyo. Nimemghushi nani?"

Nilimkumbusha mlango alioupitia katika kitabu cha biashara: mlango wa mnyama aliyefungwa kiwele. Mtu ataka kumwuza mbuzi wake. Humwacha siku mbili tatu hamkami, mpaka kiwele kijae. Mnunuzi aona kiwele, adhani hayo ndiyo maziwa yake ya kila siku. Sasa tazama: maziwa yale si ya uwongo. Si maji, wala hayakutiwa kitu. Ni maziwa ya mbuzi yule yule. Hata hivyo Mtume amekataza, kwa kuwa mnunuzi hakununua maziwa ya siku ile. Alinunua mbuzi, na kiwele kilikuwa ni dalili tu. Basi na jawabu la mahojiano ni hivyo. Hakuna bwana anayelipa mshahara kwa jawabu moja la asubuhi moja. Ataka kujua ni nani atakayeketi pale siku ambayo mashine imekosea na hapana wa kuisahihisha. Ukiharibu dalili umeghushi, hata kama jawabu ni sahihi.

Hata mwalimu wa chuo anayajua haya. Mtoto hukusomea ukurasa mzima bila kosa, na kidole chake kiko mstari mwingine. Amehifadhi kwa masikio, herufi hazijui. Alilosoma ni sawa. Lakini mimi sikuwa nikitafuta maneno yale, nayajua. Nalikuwa nikimtafuta yeye.

Wanazuoni wetu wa Kishafii wamegawanya ijara mafungu mawili. Ukikodi kazi iliyo katika dhima ya mtu, kama kukushonea kanzu, yuaweza kumpa mwingine aishone. Ukimkodi mtu mwenyewe, hana ruhusa kumweka mwingine mahali pake. Basi lau mabwana wale wangesema, "Jibu kwa chombo upendacho," nisingekuwa na neno. Wao walisema wamtaka yeye.

Ama mshahara, nilimwambia hivi: yule mbuzi, uuzaji wake wasihi, na dhambi ni ya muuzaji, mnunuzi ana khiari ya siku tatu, akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Kwa hivyo kazi uliyoifanya kweli, ujira wake sioni kuwa ni haramu. Lakini khiari ya mabwana umeificha, na ni juu yako kuwafunulia.

Akasema, "Wakinifukuza, Maalim? Mama anitegemea, na wadogo zangu wawili wako skuli."

Nikamwambia, "Mwanangu, khiari ni yao."

Nikadhani tumemaliza. Kisha nikamwuliza neno ambalo katika mlango wa mbuzi halimo, kwa sababu pale wako wawili tu, muuzaji na mnunuzi: je, kazi ile iliombwa na wewe peke yako? Akainama. Alikuwapo mwenziwe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempa khabari ya kazi ile. Akajibu kwa kichwa chake, akakwama masuala mawili, asichukuliwe. Huyo naye ni mwanafunzi wangu, na mpaka leo hana kazi. Pishi ngapi za tende zitamlipa yeye, sikuona kitabuni.

Barua ya mabwana aliiandika usiku ule ule, akaja kunisomea baada ya alfajiri. Kwa mwenziwe bado hajenda. Wote wawili husali nyuma yangu, mmoja safu ya kwanza, mmoja karibu na mlango.