Mashamba Namba 31 na 328

Huku Meru mpaka wa shamba ni masale. Hupandwa mstari mmoja, yakikatwa huchipua, na mtoto wa darasa la pili anajua pa babu yake panaishia wapi. Ramani ya mpima haina masale. Ina mistari na namba.

Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru, serikali ya Mwingereza ilikuwa na mashamba mawili kwenye makaratasi yake: namba 31 na namba 328. Kwa Wameru pale palikuwa nyumbani: maboma, malisho, kanisa. Mjerumani ndiye aliyeanza kuwakatia walowezi ardhi kuzunguka mlima, na Mwingereza akairithi mipaka hiyo. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson akapewa kazi ya kupanga upya ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti yake ya 1947 ilitaka ukanda ulio kati ya Meru na Kilimanjaro uwe eneo moja la mifugo ya Wazungu. Kwenye ramani hesabu ilikaa sawa: Wameru warudishiwe mashamba mengine, hayo mawili yatwaliwe, watu wahamie King'ori.

Wameru wakakataa. Wafugaji walijua King'ori kuna joto na magonjwa ya ng'ombe, jambo ambalo mstari hauwezi kusema. Novemba 1951 askari wakaja. Nyumba zikachomwa, watu wapatao 3,000 wakaondolewa.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kwa niaba ya Wameru, akafika Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na wakili Earle Seaton, kudai ardhi irudishwe. Wajumbe wengi waliwaunga mkono, lakini kwenye Baraza Kuu theluthi mbili ya kura haikutimia. Kwangu mimi, nyumba zile zilianza kuungua 1947, ripoti ilipoandikwa bila ridhaa ya wenye ardhi. Dhambi ni ya waliochora, wala si ya waliofukuzwa.

Leo mji wa Arusha unapanda mlima, na ramani zinachorwa tena. Ngaramtoni na Usa River mashamba yanakatwa viwanja, na mara nyingi mpima hufika mwenye shamba akiwa sokoni, bikoni zikachimbiwa mbele ya kijana asiyejua mpaka. Siku ya mpima usitoke. Waite majirani wote mnaopakana, na mzee anayekumbuka nani alipanda masale. Tembeeni na mpima kona hadi kona, na usitie saini mpaka uoneshwe ramani yenyewe na namba ya kiwanja chako.