Bima ya afya: Mgonjwa asifanywe rehani



Ndugu Waislamu, Machi 1, 2024 kilianza kutumika kitita kipya cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), yaani orodha ya huduma na dawa pamoja na bei ambazo Mfuko unazilipia. Baadhi ya hospitali binafsi zilisema bei zile hazifikii gharama zao, zikasitisha kuwahudumia wanachama. Siku hizo mzee mmoja wa msikitini kwetu, mstaafu mwenye kisukari, alinionyesha kadi yake baada ya Swala ya Alasiri. "Ustadh," akaniuliza, "nilikuwa nakatwa mshahara kwa ajili ya nini?" Sikuwa na jibu.

Huduma zilirejea, lakini swali lile limebaki. Na kwa kuwa mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, sasa si swali la mzee yule peke yake.

Wapo wanaosema serikali haina haki ya kumpangia mtu bei. Hoja yao ina msingi. Bei zilipopanda Madina, watu walimuomba Mtume (S.A.W.) awapangie, akakataa, akihofia kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhulma ya mali. Amepokea Anas (R.A.), wakaitoa Abu Daud na Tirmidhi. Basi kumlazimisha mwenye hospitali atibu kwa hasara ni dhulma.

Lakini Ibn Taymiyya, katika kitabu chake cha Hisba, amefafanua kuwa watu wanapokuwa na dharura ya kazi ya wenye ujuzi fulani, kiongozi anaweza kuwalazimu waifanye kwa ujira wa haki, wala wasiachwe wadai wapendavyo. Je, ipo dharura kubwa kuliko ya mgonjwa?

Na ujira wa haki hauwezi kujulikana iwapo kila upande unaficha hesabu zake. Serikali na wenye hospitali hawana budi kukaa shura ya kweli: huyu aonyeshe gharama halisi, yule aonyeshe uwezo wa Mfuko. Wakishaafikiana, Qur'an (5:1) inawaamrisha waumini kutekeleza mikataba. Mfuko ulipe madai kwa wakati. Hospitali nayo isidai malipo ya kipimo ambacho hakikufanyika, kwani huko ni kupunja mizani kulikolaaniwa katika Suratul Mutaffifin.

Wakishindwa kuafikiana, waendelee kuvutana huku mgonjwa akitibiwa. Kanuni ya fiqhi iko wazi: madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Mwenye kisukari hakukaa kwenye kikao chao, kwa nini afanywe rehani?

Na sisi je? Nakiri mbele yenu kwamba niliwahi kumpa jirani kadi ya mwanangu ili mtoto wake akatibiwe kwa jina lisilo lake. Niliita huruma. Baadaye nilipowafundisha vijana darasani maana ya amana, ulimi ulikuwa mzito. Nilikuwa nimechota mfuko wa watu wote bila idhini yao, na faili la mwanangu likaandikwa ugonjwa asioumwa.

Njia ya halali ilikuwepo. Mwaka 1284 Sultan Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo, ikaendeshwa kwa mapato ya waqfu, na masikini walitibiwa bure. Sisi hatuna mali ya Sultani, lakini msikiti wenye safu tano za waumini hauwezi kushindwa kuwachangia bima watoto wa mafukara wa mtaani kwake. Allah (S.W.) ametuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu, akatukataza kusaidiana katika dhambi (5:2). Aya hiyo inamhusu waziri, inamhusu mwenye hospitali, na inanihusu mimi niliyeazima kadi.