Paka Aliyefungiwa, na Punda Milia wa Samburu

Kati ya Februari na Oktoba 2022, ukame uliua ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381 na punda milia wa Grevy 49 nchini Kenya. Hizo ni hesabu za serikali. Hao 49 wanaonekana wachache mpaka tukumbuke kwamba punda milia wa Grevy, yule mwenye milia myembamba na masikio ya mviringo, wamebaki kama 3,000 tu duniani, wengi wao kaskazini mwa Kenya. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, vuli na masika, tangu mwishoni mwa 2020. Balaa la namna hiyo likishuka husemwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Kauli hiyo ni ya imani, nami siipingi; ninachopinga ni kuitumia kufunga hesabu.

Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume Muhammad kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia hadi akafa: hakumlisha, wala hakumwachia atoke ajitafutie chakula. Uzito wote, kwa maoni yangu, uko katika hilo la pili. Asingemfungia, njaa ya paka yule isingekuwa juu yake zaidi ya ilivyokuwa juu ya jirani yeyote. Sasa wapime wanyama wa nyika kwa mizani hiyo. Mungu hakuwapa ghala wala kisima, aliwapa miguu. Punda milia wa Grevy anayenyonyesha hawezi kukaa siku nyingi bila maji, hivyo hutembea kutwa kati ya malisho na kisima. Huko Samburu, kaskazini, visima huchimbwa katika mchanga wa mito iliyokauka, na vingine huzungushiwa miiba. Mchana hunywa mifugo, punda milia husubiri usiku, saa ambazo simba naye anawinda. Punda milia akikuta miiba haijaondolewa, huondoka na kiu yake, maziwa yanakauka, na mtoto anabaki nyuma. Kusini, nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda tambarare za Kitengela wamekatiwa njia na nyua za waya, viwanja na barabara, na msafara wao mkubwa umekwisha. Mvua haikuwahi kumwuzia mtu kiwanja.

Hata mvua yenyewe haiwezi kubebeshwa kila kitu. Wanasayansi walioupima ukame ule mwaka 2023 walionyesha kwamba joto lililoongezwa na binadamu lilikausha udongo na majani kiasi kwamba uhaba uleule wa mvua, katika dunia isiyopashwa joto hivyo, usingeleta ukame wa namna ile. Hapa mtu atasema, na ni kweli, kwamba moshi ulioleta joto hilo si wa mfugaji wa Samburu; mchango wa Kenya katika hewa ukaa ya dunia ni mdogo mno. Basi mataifa yenye viwanda yadaiwe kwa sauti kubwa. Lakini deni la mwenye kiwanda halifuti la mwenye uzio, kwa sababu uzio uko mikononi mwetu leo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la njaa ya watu. Zaidi ya Wakenya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Nani atamwambia mama aliyepoteza ng'ombe wote amhurumie punda milia? Mimi sithubutu, na haki haimtaki atoe maji ya mwanawe. Ila tuangalie nani hasa anafunga njia. Mfugaji wa kuhamahama naye anaishi kwa miguu, na waya unaomzuia nyumbu humzuia ng'ombe wake pia. Katika jambo hili yeye na mnyama wamesimama upande mmoja wa uzio.

Kwa hiyo, enyi maimamu na wachungaji mnaotuongoza kuomba mvua, tuulizeni pia, kabla ya kuinua mikono, ni njia zipi tumezifunga. Nanyi wa serikali za kaunti, kabla ya kuidhinisha ardhi ya malisho ikatwe viwanja, choreni kwanza njia za wanyama na mifugo kwenye ramani, na mziache wazi.