Kuwapo: Yasemwayo na Maulamaa na Yasemwayo Ulaya

Mtoto wa chuoni hufundishwa kuwa sifa ya kwanza ya Mwenyezi Mungu, katika zile ishirini alizozipanga Imamu Sanusi wa Tilimsani (aliyefariki mwaka 1490), ni wujudi. Nasi twamfasiria "kuwapo". Hapo ndipo penye mashaka, kwani Kiswahili humtia mtu mahali: yupo, yuko, yumo. Basi mtoto, naye ana haki, huuliza: yuko wapi?

Si sisi wa pwani tu. Huko bara, kwenye jabali la Manga katika nchi ya Wakisii (wala si Manga ya Waarabu), mtu huitwa omonto na kitu egento; shina ni moja na letu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alilichunguza shina hili katika kitabu chake cha 1956, akaona neno la kuwa halisimami peke yake: lataka kuambiwa ni nini, au ni wapi.

Sasa mtazameni Descartes, Mfaransa. Mwaka 1637 alitilia shaka kila kitu, ila kwamba yeye, afikiriye, yupo. Akajenga juu ya hilo. Ibn Sina (980–1037) alikwisha kumsawiri mtu aliyening'inia hewani, haoni wala hagusi, na bado aijua nafsi yake. Lakini nafsi hiyo hakuifanya msingi wa vyote. Kwake, jabali la Manga na mtu alitazamaye ni mamoja: waweza kujua ni nini, usijue kwa nini vimekuwapo. Wujudi wao ni wa kupewa. Mpaji ni Yule ambaye kuwapo Kwake ni wajibu. Thomas Aquinas (aliyefariki 1274) aliipokea tafauti hiyo kwa tafsiri za Kilatini.

Kant, mwaka 1781, akasema kuwapo si sifa iongezayo neno katika maana ya kitu. Vijana wetu wa skuli hudhani itikadi imebomoka. Ajabu! Imamu Ash'ari, katika karne ya 10, alikwisha kusema kuwa wujudi si kitu kilichozidi juu ya dhati. Kweli, Kant aliipinga pia hoja itokayo kwenye ulimwengu, na hiyo yataka jawabu lake mbali. Lakini neno hili moja halituvunjii kitu.

Kwa hiyo mwalimu afasiripo "kuwapo", asingoje mwezi mzima kuifikia sifa ya nne, kutofanana na viumbe. Amwambie mtoto papo hapo: viumbe wapo mahali, na mahali napo ni kiumbe.